Kwa Nini Gema Huanguka: Jinsi Jua na Maji Yanavyovunja Udongo wa Milimani

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi vilivyoko milimani liko swali ambalo huulizwa karibu kila mwaka baada ya masika, nalo ni hili: iweje gema lililochongwa miaka kumi iliyopita, likasimama wima muda wote huo bila kutikisika, liporomoke usiku mmoja na kufunika nusu ya ghala? Kwa kawaida swali hilo hufuatwa na lawama. Wengine humlaumu fundi, wengine huilaumu kamati iliyochagua kiwanja, na wengine husema kuwa mvua ni kazi ya Mungu. Kisha ajenda hufungwa na hasara huingizwa vitabuni. Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kukagua hesabu na mali za vyama. Lakini mali ya chama ikiwa imesimama juu ya udongo, basi udongo nao wastahili kukaguliwa, na makala haya yamekusudiwa kueleza ni nini hasa kinachotokea ndani ya udongo wa milimani jua linapouchoma na maji yanapouingia.

Kwa asili yake, udongo waweza kugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni udongo wa kuletwa, yaani ule uliochukuliwa na mito, upepo au maporomoko kutoka mahali pengine ukatuama mabondeni. La pili ni udongo mkazi, ambao haukutoka popote: ni mwamba uliooza pale pale ulipokuwa. Udongo mwekundu wa Uluguru, wa Usambara na wa Umatengo kwa sehemu kubwa ni wa kundi hili la pili. Na vivyo hivyo kichanga cha vilima vya matale huko Usukumani, ambacho wenyeji hukiita luseni.

Kusema kwamba mwamba huoza si msemo tu. Tone la mvua linapopita angani huchukua kiasi kidogo cha hewa ukaa, na linapopenya ardhini hukutana na hewa hiyo kwa wingi zaidi, kwa kuwa mizizi na majani yanayooza huitoa mchana na usiku. Maji yakiisha kuchanganyika nayo huwa tindikali hafifu sana, ambayo ukiinywa hutaitambua, lakini ikipewa miaka maelfu kwa maelfu huula mwamba. Katika mwamba mna madini mbalimbali, na kila moja huliwa kwa namna yake. Feldispa, ambayo ndiyo nyingi, hugeuka kuwa mfinyanzi laini mweupe uitwao kaolini. Ulanga hufunguka kurasa kwa kurasa kama daftari lililolowa, na mwishowe nao huwa mfinyanzi. Madini yenye chuma hupata kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoupa udongo wetu rangi nyekundu. Kwatzi peke yake ndiyo inayogoma kuoza. Hiyo hubaki kama punje za mchanga. Mahali penye joto na mvua nyingi kazi hii huenda chini sana, na si ajabu kukuta mwamba uliooza kwa kina cha makumi ya mita kabla ya kufikia jiwe zima.

Mtu akitaka kuyaona haya kwa macho, na asimame mbele ya gema jipya la barabara. Juu kabisa ataona udongo mweusi wenye mizizi na mboji, mara nyingi usiozidi urefu wa mkono. Chini yake ni udongo mwekundu ulioshikana. Chini zaidi rangi hufifia kuwa njano au nyeupe yenye madoa, na hapo ndipo penye jambo la kushangaza: ile mistari ya mwamba wa zamani bado inaonekana, na nyufa zake pia, ingawa ukichoma kwa kisu kisu huzama. Huko chini kabisa hukaa mawe ya mviringo ambayo hayajaliwa bado. Mwamba wa namna hii naufananisha na nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa. Kwa nje umbo lake ni lile lile na rangi ni ile ile, wala haijainama. Lakini nguvu iliyokuwa ndani yake imekwisha ondoka. Na zile nyufa za kale hazikupotea, kwa maana hubaki kuwa njia za maji, tena mara nyingi zimepakwa mfinyanzi unaoteleza. Ikiwa nyufa hizo zimelalia upande wa bonde, yaani upande lilikochongwa gema, hatari huongezeka maradufu.

Swali linalofuata ni hili: kama mwamba umeoza, ni kitu gani basi kinachoufanya usimame wima miaka kumi?

Vipo vitu vitatu. Cha kwanza ni gundi ya asili, yaani ile kutu ya chuma pamoja na mfinyanzi, ambayo huziunganisha punje kuwa mabonge madogo. Cha pili ni mizizi. Cha tatu ni maji yenyewe, na hapa naomba msomaji awe na subira kidogo, kwa sababu ni vigumu kuamini kwamba kitu hicho hicho kinachoangusha gema ndicho kinacholisimamisha. Mtazame mtoto anayecheza kando ya mto au ufukweni. Akijaribu kujenga kijumba kwa mchanga mkavu, mchanga humwagika. Akichukua mchanga wenye unyevu kidogo, ukuta husimama. Akimwagia maji mengi, ukuta huyeyuka mbele yake. Ni kwamba maji machache yaliyoko kati ya punje huzivuta punje hizo zikaribiane, kama vile vioo viwili vilivyolowa vinavyokataa kuachana. Nafasi baina ya punje zikijaa maji tele, mvuto huo hutoweka wote. Na maji yanapoendelea kujaa huanza kuzisukuma punje zitengane, huku yakiuongezea udongo uzito. Gema la udongo mkazi, basi, kwa sehemu kubwa ya mwaka hushikiliwa na unyevu mdogo ambao haumo katika makisio yoyote ya chama, na ambao mvua ya siku chache yaweza kuufuta.

Kuhusu gundi, liko jaribio ambalo katibu yeyote aweza kulifanya mezani kwake. Chukua kutoka kwenye gema mabonge matatu ya udongo yenye ukubwa wa yai. La kwanza lianike juani siku tatu. La pili lifunge mara moja katika karatasi ya nailoni ili libaki na unyevu wake wa asili. Badala ya la tatu, nenda kwenye kichuguu cha mchwa kilicho karibu ukabandue bonge la kimo hicho hicho, nalo ulianike. Kisha yaweke yote, kila moja katika glasi yake ya maji safi ya mvua, usiyatikise, utazame.

Wengi hutarajia kwamba lile kavu, ambalo ni gumu kama tofali, ndilo litakalodumu. Kinyume chake, mara nyingi hilo ndilo la kwanza kuvunjika. Vitatoka viputo, kingo zitadondoka, na katika dakika chache huenda pakabaki chungu ya tope chini ya glasi. Bonge lenye unyevu wake kwa kawaida hustahimili zaidi. Sababu ni kwamba udongo mkavu hunyonya maji kwa pupa kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na hewa iliyokuwamo ndani hukosa mlango wa kutokea. Hewa hiyo hubanwa, na ikizidi kubanwa hulipasua bonge kutoka ndani. Wakati huo huo mfinyanzi wa pembeni huvimba kabla ya ule wa katikati, na kuvimba kusikolingana huongeza mipasuko. Lile la kichuguu mara nyingi huwashinda wenzake wote, kwa kuwa mchwa wameufinyanga udongo wake kwa mate yao punje kwa punje. Wazee waliotandaza sakafu za nyumba kwa udongo wa kichuguu hawakuwa wakikisia.

Iko dalili moja zaidi ya kutazamwa katika glasi hizo. Ikiwa maji yanabaki yamechafuka kama maziwa kwa saa nyingi, pasipo mtu kuyatikisa, basi mfinyanzi huo ni wa aina inayotawanyika wenyewe majini, mara nyingi kwa sababu ya sodiamu iliyomo. Udongo huo hupatikana zaidi katika nchi kavu, na usitumiwe kujengea kingo za malambo, maana maji huutoboa mashimo kwa ndani huku juu ukionekana mzima.

Sasa tunaweza kuelewa kazi ya jua. Jua peke yake haliangushi gema, ila huliandaa. Kila kiangazi ngozi ya nje hukauka, hujikunja na kupata nyufa. Kila mvua ya kwanza hupenya katika nyufa hizo na kufanya yale tuliyoyaona katika glasi. Kisha jua hurudi. Baada ya misimu kadhaa ganda la nje la gema huwa limekuwa kokoto na vumbi lisilo na gundi, na chini ya gema hulundikana kilima kidogo cha udongo ambacho watu hukisomba bila kujiuliza kimetoka wapi. Ndiyo maana udongo mtupu huharibika zaidi mvua za mwanzo zinapoupata mkavu, hali maporomoko makubwa kwa kawaida huja baadaye, mlima ukiisha kushiba maji, au siku ambayo mvua nzito mno hunyesha kwa muda mfupi. Mambo haya mawili yasichanganywe. La kwanza hula ngozi ya udongo kidogo kidogo, na la pili huuondoa mwili wake.

Mfano wa hili la pili uliochunguzwa vizuri sana ni wa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha huko mvua ya kiasi cha milimita 100 katika muda usiofikia saa tatu. Katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 75 palitokea maporomoko zaidi ya 1,000. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, ambao taarifa yao ilichapishwa mwaka 1972, waliona kwamba mengi ya maporomoko hayo hayakuwa ya kina kirefu; yalikuwa kama mita moja au moja na nusu, yaani tabaka lile la juu lililooza zaidi lilibanduka juu ya lile lililooza kidogo. Waliona pia kwamba yaliyoanzia katika ardhi yenye msitu hayakufika asilimia 1. Yaliyobaki yalianzia kwenye mashamba na sehemu za majani. Naomba wajumbe wa kamati waisome tena hesabu hiyo kabla ya kupitisha azimio la kukata miti iliyo juu ya ghala ili kupata mbao za kenchi. Mvua ilikuwa moja na mlima ulikuwa mmoja, lakini penye mizizi mirefu iliyoshona tabaka la juu na la chini udongo ulibaki mahali pake. Migomba haiwezi kazi hiyo: mizizi yake ni mifupi na shina lake limejaa maji.

Huko huko Uluguru iko habari nyingine ambayo vyama vyetu havina budi kuijua, ingawa ni ya zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuhifadhi ardhi. Lakini kuchimba ngazi katika mteremko wenye tabaka jembamba la rutuba kuliuzika udongo mweusi na kuuleta juu udongo mwekundu usiozaa, na wakulima wa upande wa mashariki wakaona wazi kwamba wanatoa jasho ili wavune kidogo. Upinzani ukawaka mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Kwa maoni yangu kosa halikuwa katika matuta kama matuta, bali katika kuamuru jambo moja kwa udongo wote bila kuufunua na kuutazama. Wamatengo wa Mbinga, ambao miteremko yao ni mikali vilevile, wana njia yao ya ngoro iliyotangulia amri hizo. Majani hukatwa na kupangwa juu ya ardhi kama miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu ya majani, hata shamba zima likawa mashimo yenye kuta za mboji. Kila shimo hukamata maji yake na tope lake, na hakuna mahali ambapo maji hupata mbio. Majani yanayooza ndani ya kuta hutengeneza ile gundi tuliyoitaja.

Nisieleweke kwamba miamba yote huoza kwa namna moja. Maafa ya Katesh, wilayani Hanang, ya tarehe 3 Desemba 2023, ambayo yaliua watu zaidi ya 80, yalianzia katika mlima wa volkano, na serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka, ikawa mto wa tope. Chanzo cha mwamba ni kingine, bali maji ni yale yale.

Turudi kwenye ghala la chama. Tuchukue ghala la kawaida, lenye paa la mabati linalofunika mita 20 kwa mita 10, yaani mita za mraba 200. Mvua ya milimita 50, ambayo si ngeni wakati wa masika, italiangushia paa hilo lita 10,000 za maji, sawa na mapipa 50 ya lita 200. Mvua kama ile ya Mgeta ingeangusha mapipa 100 katika saa tatu. Bila ghala, maji hayo yangetawanyika katika nyasi. Kwa kuwapo ghala, nusu yake humwagika upande wa nyuma, katika ule uchochoro mwembamba ulio kati ya ukuta na gema, ambako hayana pa kwenda isipokuwa chini ya msingi na ndani ya mguu wa gema. Mguu wa gema ukilainika, kilichoko juu hakina pa kuegemea. Nimepitia makisio mengi ya ujenzi, na nimeona kwamba fedha zikipungua kifungu cha kwanza kufutwa ni gata za paa, na cha pili ni mfereji wa nyuma. Milango ya chuma na rangi hubaki. Katika chama kimoja, ambacho si lazima kukitaja, mifereji ilifutwa ili kuokoa fedha, na masika ya pili ukuta wa nyuma ulipasuka na mahindi ya wanachama yakaota ndani ya magunia.

Kwa hiyo maji ya paa yakusanywe kwa gata na kupelekwa katika tangi, au katika mfereji uliojengwa kwa mawe unaoishia kwenye mkondo wa asili, wala yasiachwe yaishie kwenye kingo ya shamba la jirani. Juu ya gema uchimbwe mfereji wa kukinga maji yanayotoka mlimani, wenye mwinamo mdogo, tena uzibuliwe kabla ya vuli na kabla ya masika. Mfereji ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa sababu huyasimamisha maji mahali pabaya kabisa. Gema lenyewe lisichongwe wima. Lilazwe kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na uso wake ufunikwe kwa majani kabla ya mvua za kwanza. Vetiva na gwatemala zimefaa sehemu nyingi, na mabingobingo hufaa ikiwa wanachama wataahidi kutoyakata mpaka chini kwa ajili ya ng'ombe. Ukijengwa ukuta wa kuzuia gema, uachiwe matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yasizibwe kwa lipu na fundi anayependa ukuta nadhifu. Udongo uliochimbwa wakati wa kusawazisha kiwanja usimwagwe kwenye mteremko wa chini, kwa kuwa huo umekwisha poteza gundi yake na mvua moja itaushusha mtoni.

Vyama vya kahawa vina jambo la ziada. Mtambo wa kumenyea kahawa mbivu hutumia maji mengi, na mashimo ya kumwagia maji hayo machafu mara nyingi huchimbwa pembeni mwa mteremko kwa sababu hapo ndipo penye nafasi. Huko ni kuunywesha mlima kila siku kwa miezi yote ya mavuno, hata kabla mvua haijanyesha. Mashimo hayo yawe mbali na ukingo wa mteremko na mbali na msingi wa jengo lolote.

Kuhusu matofali nitasema kifupi. Tofali bichi la udongo mkazi ni bonge lile la kwanza la glasi, ila limepewa pembe nne. Moto wa kutosha huubadili mfinyanzi usiweze tena kuwa tope, lakini tofali lililoiva nje na kubaki bichi ndani litavunjika vilevile. Litumbukizwe moja kutoka kila upande wa tanuru katika ndoo ya maji usiku kucha kabla ya chama kulipa.

Mwisho ni dalili za hatari, ambazo kila katibu azitafute kwa macho yake mvua inapoendelea kwa siku nyingi: ufa uliopinda kama mwezi mwandamo juu ya gema, miti au nguzo za uzio zilizoanza kuinama upande wa bonde, chemchemi mpya chini ya gema, au ya zamani iliyogeuka tope, mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukaanza kukwama. Ikionekana hata moja, serikali ya kijiji na mhandisi wa halmashauri waarifiwe siku hiyo hiyo kwa barua, na nakala ibaki katika jalada la chama. Ufa ujazwe udongo wa mfinyanzi na kufunikwa ili maji yasiingie, lakini isifikiriwe kwamba hapo hatari imekwisha. Magunia na vitabu vihamishwe mchana. Tena, kwa kuwa vyama vingi vimejenga chumba cha mlinzi huko nyuma, kati ya ukuta na gema, ambako hakuna upepo, chumba hicho kihamishiwe upande wa mbele kabla ya masika, na hadi kitakapohamishwa mlinzi asilale humo mvua inaponyesha.